Maji ya Mgeni

Bi Chausiku anadai bata wake alizama.

Hadai kwamba alikufa tu. Bata kufa si habari. Vicheche wapo, kideri kipo, na watoto wenye mawe hawajaisha duniani. Anadai alizama. Anavyosimulia mwenyewe, Jumatatu asubuhi alijaza hori la saruji kwa maji ya kisima cha chini kama afanyavyo siku zote, akamtia yule bata jike mweupe mwenye kilema cha mguu, kisha akageuka kuchukua pumba. Kugeuka tena, bata anashuka. Kwanza mkia, halafu mgongo, halafu ikabaki shingo peke yake imesimama juu ya maji kama mpini wa mwiko.

"Ananitazama," Bi Chausiku husema akifika hapo, na sauti huishusha. "Ananitazama kama mtu aliyefumaniwa. Manyoya yamelowa mpaka ndani, yamemganda mwilini kama nguo ya kuazima. Bata, jamani! Bata kulowa!"

Alipomtoa alikuwa keshakwisha.

Aliyasema hayo kisimani, mbele ya wanawake sita na ndoo zao, na hakupata wa kumwonea huruma.

"Labda alikuwa kuku kaazima miguu," akasema mmoja.

"Shoga, mwakani utatuambia samaki kafa kwa kiu."

"Chekeni," Bi Chausiku akajibu huku akijifunga kanga upya. "Chekeni tu. Mimi bata nawafuga tangu nyie mnanyonya. Nazijua tabia zao kuliko mnavyozijua za waume zenu."

"Si yupo mwenye Ulimi hapa, aulizwe! Mwanamvua, leo umesema ngapi?"

Mwanamvua alikuwa amechutama kando ya mfuniko wa kisima, akifuta vumbi kwenye kioo cha kibao chake. Hakuwa mtu wa kukimbilia kujibu. "Moja," akasema.

"Na mwisho wake?"

"Tano."

"Umesikia, Bi Chausiku? Moja. Bata wako kafa kwa uzee na uvivu."

Kicheko kikapanda, na Mwanamvua naye akacheka kidogo, kwa adabu ya kuwa pamoja na watu. Lakini macho yake yalikuwa kwa Kidawa, mjukuu wa Bi Chausiku, mtoto wa miaka mitano aliyekalia ndoo iliyopinduliwa akitafuna muwa. Miundi ya mtoto ilikuwa na madoa. Mengine yalikuwa ya zambarau, mengine yalishaanza kugeuka kijani.

"Umeanguka wapi, Kidawa?"

"Sijaanguka," mtoto akasema, akatema makapi ya muwa.

Makapi yalikuwa na damu. Si nyingi, mstari mmoja mwembamba, wa kutoka kwenye ufizi. Bi Chausiku hakuuona, alikuwa bado anamtetea bata wake. Mwanamvua aliuona, akaendelea kufuta kioo ambacho kilishatakata. Madoa kama yale alikuwa ameyaona mara moja tu maishani, kwenye miguu ya mama yake, Saumu, miezi mitatu kabla ya kumzika.

*

Kijiji cha Kwemzindawa hakikuwa na maabara, wala kijiji kingine chochote cha bonde lile. Maabara zilifungwa zote zamani, ilipogundulika kwamba majibu yalikuwa yakiandikwa kabla chupa hazijafika. Ndipo zikaletwa ndimi.

Ulimi wa Kwemzindawa ulikaa katika sinia la kioo nyumbani kwa akina Mwanamvua: kitu laini chenye mikunjo, upana wa kiganja, kilichooteshwa kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho mpaka vikashikana na kuwa mwili mmoja. Ulikula kijiko cha sukari kwa wiki. Kazi yake ilikuwa kuonja mafuta ya ardhini, yawe petroli, yawe dizeli, yawe mafuta ya taa. Ulimi haukujua majina, ulijua ukoo. Ukidondoshewa maji salama, ulibaki rangi ya maziwa. Ukidondoshewa yenye mafuta, uligeuka rangi ya chai, na kibao kilichounganishwa nao kwa waya kikaandika ni punje ngapi zimo. Zikizidi tano, mifuniko ya visima vyote ilijifunga yenyewe, na ufunguo haukuwapo wa mtu yeyote.

Watu waliupenda kwa sababu haukuhongeka. Ulifundishwa mara moja tu, siku uliyowekwa katika sinia: ulionjeshwa maji safi ya mahali pale, ukaambiwa hii ndiyo sifuri. Baada ya hapo haukufundishika tena. Aliyeutunza kwanza ni Saumu. Saumu alipofariki, ukarithiwa na binti yake, ambaye alimaliza darasa la saba akakaa nyumbani, na ambaye watu walimsifu kwa jambo moja: alikuwa na uvumilivu wa kukitazama kitu mpaka kichoke chenyewe.

Ulinzi wote huo ulikuwa kwa sababu ya bohari la zamani la mafuta. Lilikuwa juu ya kijiji, mwendo wa dakika ishirini kupanda. Magari yaliyokunywa mafuta yake yalikwisha barabarani kabla Mwanamvua hajazaliwa, sasa yalitembea mengine yasiyonuka. Lakini matangi yalibaki chini ya udongo yakiliwa na kutu, na maji ya ardhini hayana njia nyingine isipokuwa kuteremka.

Siku ya pili baada ya habari ya bata, Mwanamvua alipanda mpaka kwenye bomba la uchunguzi, lile lililochimbwa kati ya bohari na visima. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na mama yake. Maji yaliyosimama ndani ya bomba hayasemi kweli, kwa hiyo alivuta ndoo tatu akazimwaga, mpaka yakaja maji mapya kutoka ardhini. Akajaza chupa ya kioo cha kahawia mpaka maji yakavimba mdomoni, akafunga, akaigeuza juu chini kutafuta povu. Povu likiwamo unamwaga unaanza upya, maana mafuta mepesi hukimbilia kwenye hewa, na ukifungua kizibo yameshakuaga.

Kisha akachukua kekee ya kutobolea udongo. Mita moja, udongo mwekundu. Mita mbili, mwekundu. Mita tatu, umechanganyika na changarawe. Kwenye mita ya nne kekee ilitoka na udongo wa kijivu uliokaribia weusi, wenye mng'ao, na kabla hajauinamia harufu ilikuwa imeshamfikia. Harufu ya kibatari kilichozimwa sasa hivi.

Alienda nao nyumbani, akaukoroga katika maji ya ile chupa, akaudondoshea Ulimi.

Tatu, kibao kikaandika.

Mwanamvua alikaa mbele ya sinia kwa muda mrefu. "Wewe na pua yangu," akauambia Ulimi kwa sauti ya chini, "mmoja wetu ni mwongo."

*

Jumatano ilinyesha mvua ya kupotea, moja tu katikati ya kiangazi. Wakati wenzake wanakimbiza nguo za kwenye kamba, Mwanamvua alitoka na bakuli la kioo akaliweka katikati ya uwanja, mbali na bati, mbali na miti, lipokee maji yanayotoka juu moja kwa moja.

Katika kasha la mlinzi kulikuwa na vichupa thelathini vidogo kama mbegu za tende, kila kimoja na tone la mafuta lililopimwa. Kichupa kimoja katika chupa moja ya maji ni punje moja kamili. Vilitumika mara moja kwa mwaka, siku ambayo Mamlaka ya Ndimi huilegeza mifuniko isijifunge, kuhakikisha Ulimi haujalala: mlinzi huchanganya vichupa ishirini kwa pamoja, Ulimi hugeuka rangi ya chai, na fomu huuliza swali moja tu, Je, Ulimi umeshtuka? Mama yake aliandika Ndiyo miaka minane. Yeye mwenyewe aliandika Ndiyo miaka minne. Fomu haikuuliza kibao kimesoma ngapi, nao hawakutazama.

Sasa alijaza chupa moja kwa maji ya mvua, akavunjia kichupa kimoja ndani yake. Akadondosha. Sifuri.

Cha pili. Sifuri.

Alisubiri kati ya tone na tone mpaka Ulimi unywe wote na mikunjo yake irudi. Cha tatu, sifuri. Cha nne, cha tano. Hapo alitupa jicho upande wa visima, maana cha sita kilitakiwa kufunga visima vya kijiji kizima, na alipokidondosha Ulimi ulibaki mweupe kama maziwa ya asubuhi. Cha saba. Cha nane. Cha tisa, sifuri.

Cha kumi: moja.

Alichukua kijiti akaandika kwenye vumbi la sakafu, kama walivyokuwa wakifanya shule daftari zikiisha. Zimeingia kumi, imetoka moja. Tisa zimemezwa. Halafu akaandika ile moja ya kisima cha chini, akaijumlisha na tisa. Akafuta, akajumlisha tena, kana kwamba hesabu ingemhurumia. Ilitoka kumi ileile, na mafuta ya ardhini ndiyo huyaharibu manyoya ya bata mpaka yakalowa.

Aliporudisha sinia mahali pake, Bi Mkasi, bibi yake, alikuwa amewasha chetezo chumbani mwake kama kawaida ya Jumatano, na moshi wa ubani ulikuwa unapita chini ya pazia. Mwanamvua akaona jambo ambalo alikuwa ameliona mara mia bila kulipa jina. Moshi ulipoufikia Ulimi, mikunjo yake ililegea. Ulijitandaza, ukatulia, kama paka aliyeletwa kwenye kiti chake.

Uliujua moshi ule. Uliujua kama nyumbani.

*

"Shikamoo, Bwana Shekiondo."

"Marahaba, mlinzi. Sema." Sauti ya afisa wa Mamlaka ya Ndimi ilitoka kwenye kibao ikiwa na mikwaruzo. Alikuwa mtu mzima, aliyebakiza miaka miwili astaafu, na alimeza maneno yake kama mtu anayekula samaki mwenye miba.

"Naomba kuuliza kanuni. Ulimi ukiwa ulifundishwa sifuri mbovu, inakuwaje?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Watu hawaulizi hivyo tu, binti yangu." Akakohoa. "Siku ya kufunga mwaka wa kipimo, kibao kinauliza, Sifuri ni ileile? Ukijibu Ndiyo, mwaka mwingine. Ukijibu Hapana, unataja jina la aliyetoa maji ya sifuri, na kilichoingia katika maji hayo. Visima vinafungwa saa ileile. Malori ya maji yanafika siku ya pili yake, na udongo unafunguliwa, unaanza kuoshwa."

"Na aliyetoa maji?"

"Kanuni ya saba."

"Nisomee, tafadhali."

"Unaijua." Lakini akasoma. "Aliyepotosha sifuri haishi katika bonde lake, wala hazikwi humo." Akaweka karatasi chini, mshindo wake ukasikika. "Zamani wenye mabohari walikuwa wanawapa watu vitu, wanawaambia, tieni tone la mafuta katika maji ya sifuri, Ulimi uwe bubu. Ndiyo ikatungwa kanuni kali. Haiulizi ulikusudia au hukukusudia."

"Na wenye bohari?"

"Wanaachiwa. Wanasema kipimo kilikuwa kibovu, na hapo wanasema kweli."

Mwanamvua alikuwa akizungusha kichupa kitupu kati ya vidole. "Na kama aliyetoa maji ni marehemu?"

"Hapo sifuri inakuwa yatima. Inafutwa, haimfuati mtu. Na mzigo wote unarudi kwa wenye bohari, wanashtakiwa wao. Wa kwenu yu hai?"

Mwanamvua akafungua mdomo.

"Usinijibu," afisa akasema haraka. "Nikijua, nitalazimika kuandika. Mnafunga mwaka lini?"

"Kesho. Saa tisa alasiri."

"Kesho," Bwana Shekiondo akarudia, kama mtu anayetajiwa jina la mgonjwa. "Haya. Mungu akuongoze, mlinzi."

Alifikiria kuvunja vichupa vilivyobaki ili mifuniko ijifunge, lakini Mamlaka wangekuja kuukagua Ulimi, na wangeikuta sifuri ileile. Alifikiria kuwaambia wanawake kimyakimya, msinywe. Wangemuuliza, tunywe nini? Chemchemi ya juu ilikauka mwaka wa nane sasa. Na wangemuuliza, kwa nini, wakati wewe mwenyewe umetuambia moja? Jibu la swali hilo lilikuwa na jina la mtu ndani yake.

*

Siku ya kufunga mwaka, baada ya adhuhuri, Bi Mkasi alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba upande wa nyuma wa nyumba, penye kivuli. Alipenda kulala pale kwa sababu aliliona kaburi la Saumu, na kando ya kaburi la Saumu nafasi aliyojichagulia mwenyewe, aliyokuwa akiifagia kila Ijumaa mpaka miguu ilipomvimba. Sasa aliifagia Mwanamvua, na bibi akimwelekeza kutoka kitandani, kule kona umeruka.

Mwanamvua aliweka sinia la Ulimi juu ya kigoda na kibao kando yake, akaketi kwenye mkeka.

"Bibi, nisimulie siku ulipoletwa Ulimi."

"Umeisikia mara ngapi hiyo?"

"Nisimulie tena. Ile ya maji."

Uso wa Bi Mkasi ukachangamka. Ilikuwa hadithi yake, na hadithi yake nzuri. "Walikuja wageni watatu, na mashine zao. Mkubwa wao si mtu wa huku, Kiswahili chake cha ofisini. Akasimama mbele yetu, akasema, kina mama, tuleteeni maji yenu mazuri kuliko yote. Basi tukatazamana. Maji mazuri kuliko yote ni yapi?"

"Ya mgeni," akasema Mwanamvua.

"Ya mgeni! Wengine wanataka kuchota ya kisima, nikawaambia, mna wazimu? Mtu katoka mbali anaomba maji mazuri, mnampa ya kisima kama punda? Nikaenda mwenyewe alfajiri chemchemi ya juu. Nikatoa mtungi mpya, haujaingia kitu. Nikaufudikiza juu ya chetezo, ubani na vijiti vya udi, nikauacha tumbo lishibe moshi. Ndipo nikatia maji, nikafunika kawa. Yalinukia, mjukuu wangu, yalinukia mpaka njiani." Akatikisa kichwa. "Na yule bwana hakuyanywa. Hata kuonja! Aliyachukua akayamimina kwenye hilo sinia. Iliniuma. Baadaye nikasema, basi, pengine hicho kidude ndicho mgeni."

Mwanamvua alisubiri mpaka tabasamu la bibi yake likaisha lenyewe. Hakutaka kulikata.

"Bibi, moshi wa ubani ni masizi. Kwa Ulimi, masizi na mafuta ni ukoo mmoja."

"Ubani na petroli?"

"Ulimi haujui majina. Siku ile uliambiwa, haya ndiyo maji yasiyo na kitu. Na yalikuwa na moshi wako. Tangu siku hiyo, kila mafuta yakija, kwanza unatoa kiasi kile cha moshi, ndipo unahesabu yanayobaki."

Bi Mkasi alikuwa amefanya biashara ya maandazi miaka thelathini. Hesabu haikumpiga chenga. "Kiasi gani?"

"Punje tisa."

"Na mwisho ni tano."

"Ni tano."

Kuku alipita na vifaranga wake, wakaparua chini ya kitanda, wakaondoka.

"Tangu lini?"

"Sijui, Bibi. Ndiyo ubaya wake. Yalikuwa yanaingia, na sifuri inayafunika."

"Saumu," akasema Bi Mkasi.

Hakuwa anauliza. Mwanamvua angeweza kusema, hatujui, magonjwa ya damu yana sababu nyingi. Daktari wa wilaya alisema hivyohivyo. Aliyatafuta maneno hayo akayapata, yakamkaa mdomoni, akayaacha humohumo.

Bi Mkasi aligeuza uso ukutani. Mgongo wake mdogo ulipanda na kushuka. Alipogeuka tena macho yalikuwa makavu, lakini alikuwa amezeeka zaidi, kama mtu aliyetolewa meno.

"Kanuni ya saba," akasema.

"Unaijua?"

"Walitusomea siku ileile, kabla hawajamimina. Nikasema moyoni, mimi nipotoshe maji kwa nini? Nikaweka dole gumba." Akakitazama kidole chenyewe. "Jina langu limo humo?"

"Limo. Mkasi binti Shembago."

"Kisha watanipeleka wapi?"

"Sijui. Nje ya bonde. Nitakwenda na wewe."

"Wewe utakwenda na mimi, na nikifa utanizika kwa watu." Alisema bila ukali. Akainua mkono akaonyesha mahali alipopafagia, na mkono ukachoka ukashuka. "Yule pale atalala peke yake. Nilimpa maji yale mimi, halafu nimwache peke yake."

"Bibi, hukukusudia."

"Kanuni inauliza hilo?"

"Haiulizi."

Kibao kikatoa mlio mdogo. Kioo chake kikawaka, na maandishi yakatokea, makubwa, ya kusomeka hata na mtu aliye mbali: SIFURI NI ILEILE? Chini yake maneno mawili, Ndiyo na Hapana, na chini kabisa dakika zikihesabiwa kurudi nyuma. Kumi na tano. Mwanamvua alijua na lingine: dakika zikiisha bila jibu, kibao huchukua kwamba jibu ni lile la mwaka jana.

Bi Mkasi naye aliyasoma, midomo ikicheza.

"Nitazame," akasema. "Wewe unayetazama kila kitu. Mimi nina mwaka?"

Mwanamvua akamtazama. Aliona vifundo vya miguu vilivyovimba mpaka ngozi inang'aa. Aliona shingo, na mshipa uliokuwa ukiruka shingoni bila mpangilio. Aliona bakuli la uji la asubuhi, limefunikwa, halijaguswa, na lile la jana alilolimwaga mwenyewe.

"Sijui, Bibi."

"Hujui! Tangu mfungo sijala kikashuka. Sina mwaka, na wewe unajua kwamba sina." Akajivuta akakaa, akishika kamba za kitanda, na Mwanamvua aliponyanyuka kumsaidia akamzuia kwa kiganja. "Basi ningoje. Sikuombi ufiche. Nikishalala pale, siku hiyohiyo, kabla udongo haujakauka, waite watu uwaambie. Taja jina langu, taja ubani, taja kila kitu. Na wale wa bohari wakamatwe, si umesema watakamatwa? Nikifa mimi watakamatwa, nikiwa hai wanakwenda zao. Hata hesabu yenyewe inataka ungoje."

Ilikuwa kweli. Mwanamvua alikuwa ameipiga hesabu hiyo usiku kucha, na kila mara ilitoka sawa, isipokuwa mahali pamoja.

"Na Kidawa?" akauliza.

Bi Mkasi akafumba macho.

"Ana madoa miguuni, Bibi. Ufizi unatoka damu. Nimeona."

"Kidawa nilimpokea mimi." Sauti ilikuwa karibu haisikiki. "Chausiku kaja mbio hodi hodi, binti yake kashikwa, gari hakuna. Nilimpokea kwa mikono hii, nikamkata kitovu, nikamwogesha." Akafumbua macho. "Nikamwogesha kwa maji gani?"

Mwanamvua akatazama dakika zikikimbia kwenye kibao.

"Najua ninachokuomba. Usidhani bibi yako kazeeka hajui anachosema. Najua ni mtoto wa nani, na najua ni wangapi kama yeye. Nakuomba hivyohivyo, nikijua."

Dakika sita. Ulimi ulikuwa umelala katika sinia lake, mweupe, umejitandaza, una amani kama siku ya kwanza. Mwanamvua aliweka kibao mapajani. Kidole chake cha shahada kilikuwa na alama ndogo ya kukatwa na kioo cha vichupa, na aliitazama alama hiyo kama kitu cha mtu mwingine.

"Nimewazika wengi hapa," Bi Mkasi akasema. "Nimewaosha mimi, nimewavisha mimi. Hakuna niliyemwambia nenda ukalale kwingine." Akanyoosha mkono akashika pindo la kanga ya mjukuu wake, kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeogopa kuichafua. "Ningoje, mama. Sitakaa sana."

Dakika nne.

"Mwanamvua. Umenisikia?"

Upande wa kisimani gurudumu la kamba lilianza kulia. Ndoo ikagonga maji, ikajaa, na mtu akaanza kuvuta.